Gogo, Rangi na Maana: Nafasi ya Malighafi katika Uhakiki wa Sanaa za Uonyesho

1. Utangulizi

Katika mihadhara ya fasihi ya Kiswahili kuna mfano mmoja ambao haukosekani. Tunapotaka kumweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza maana ya fasihi, huwa tunamwambia kwamba mchoraji hutumia rangi na brashi, mchongaji hutumia gogo na patasi, mfinyanzi hutumia udongo, naye mwanafasihi hutumia lugha. Mwanafunzi huyaandika hayo daftarini, nasi tukaendelea mbele. Tunazigawa sanaa katika mafungu matatu, yaani sanaa za uonyesho, sanaa za vitendo na sanaa za ghibu. Tunalitaja fungu la kwanza kwa adabu, kisha tunaliacha na kuingia katika fasihi, ambayo ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Makala haya yanakusudia kuurudia mfano huo na kuuhakiki. Dai letu ni kwamba mfano wenyewe ni mzuri, ila sisi tunaoutumia hatujauamini. Tungeuamini, tungekwenda kutazama rangi inamwelekeza vipi mchoraji, na gogo linamkataza nini mchongaji, kabla ya kusema kwamba lugha kwa mwandishi ni kama rangi au gogo. Tulivyofanya ni kuichukulia malighafi kuwa mtumwa wa fikra: msanii ana wazo kichwani, naye hutafuta chombo cha kulimimina. Dhana hiyo ndiyo iliyoupa nguvu mgawanyo wetu maarufu wa fani na maudhui, ambamo fani ni kibuyu na maudhui ni maji. Tutajaribu kuonyesha, kwa mifano ya wachongaji na wachoraji wa Afrika ya Mashariki, kwamba mgawanyo huo unaliacha nje jambo la tatu, na kwamba jambo hilo mara nyingi ndilo linaloamua ni kitu gani kinaweza kusemwa.

2. Gogo

Tuanze na mpingo. Moyo wa mti huu ni mweusi unaoelekea zambarau, mzito hata ukitiwa majini huzama, nao umezungukwa na tabaka la nje lenye weupe wa manjano. Mti hukua polepole, kwa miongo mingi, na aghalabu shina lake huwa fupi, lililopinda, lenye mifereji na pengine uwazi ndani. Seremala anayetafuta ubao mrefu ulionyooka ataupita. Mchongaji hulazimika kulisoma gogo kabla ya kulikata: limepindia wapi, ufa umeanzia wapi, weupe wa nje umeingia ndani kiasi gani. Kwa tezo huondoa sehemu kubwa, kwa patasi hulitafuta umbo, kwa tupa na msasa hulilainisha. Kila pigo ni la kuondoa, na kilichoondolewa hakirudishwi. Mwandishi aliyekosea hufuta. Mfinyanzi aliyekosea hukanda upya. Mchongaji aliyekosea hana budi kubadili wazo lake.

Wahakiki wengi huuhusisha mpingo na Wamakonde kana kwamba wawili hao walizaliwa siku moja. Lakini kinyago cha kuvaliwa katika ngoma ya mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mchezaji atakibeba kichwani na kucheza nacho. Mti unaozama majini haumfai mcheza ngoma. Mpingo ulishika nafasi yake kubwa katika karne ya 20, pale wachongaji, wengi wao wakiwa wamehama kutoka uwanda wa Mueda nchini Msumbiji kuja Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na kwingineko, walipoanza kuwachongea wanunuzi wa mjini. Kwa hiyo weusi ambao mnunuzi huuchukua kuwa alama ya ukale wa Afrika una historia fupi, na historia hiyo ni ya uhamaji na soko. Ushahidi wa nguvu ya soko hilo uko katika vibanda vya biashara, ambako miti myeupe hupakwa dawa nyeusi ya viatu ili ifanane na mpingo. Mnunuzi amenunua rangi. Uzito umebaki porini.

Hebu sasa tuutazame ule mtindo ambao awali ulijulikana kwa jina la dimoongo, unaohusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, na ambao katika enzi ya siasa ya Mwalimu Nyerere ulikuja kuitwa ujamaa. Ni nguzo ya watu waliopandana na kushikana, wanaume, wanawake na watoto, kuanzia chini hadi juu. Mhakiki wa maudhui huandika kwamba kazi hii inahusu umoja na kutegemeana, na hapo huweka nukta. Hajakosea, ila hajatuambia umoja huo umetoka wapi. Umetoka katika gogo. Nguzo nzima imechongwa katika kipande kimoja cha mti, bila kiungo, bila gundi, bila msumari. Mtu wa chini anapombeba wa juu, uzito wake ni uzito halisi, na ukimkata huyo wa chini nguzo yote inaanguka. Tuchukulie kwamba fundi angemchonga kila mtu peke yake kisha akawagandisha pamoja. Kwa macho ya mtu aliye mbali maudhui yangekuwa yale yale. Kwa anayeishika kazi mkononi yangekuwa umoja wa gundi. Kauli ya ujamaa katika sanaa hii inaaminika kwa sababu mti umeithibitisha, na mchongaji alijua hivyo kabla ya mhakiki.

Mtindo wa shetani, ambao huhusishwa na Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950, umetokana na mti huo huo kwa usomaji mwingine. Hapa mchongaji hafuati wima na mviringo wa shina, anafuata pindo, tundu na mfereji. Kiumbe chenye jicho moja, mkono unaogeuka mguu, tumbo lenye uwazi unaopitisha mwanga: maumbo haya yanalipa gogo lililopinda nafasi ya kusema ambayo nguzo ya ujamaa haiwezi kuipa. Mfano huu unatufaa pia kama kinga dhidi ya kosa la pili, nalo ni la kudhani kwamba malighafi humwamuru msanii. Mti mmoja umezaa mitindo miwili inayopingana. Malighafi inauliza swali. Jibu ni la mchongaji. Lakini ni wajibu wa mhakiki kulijua swali kabla ya kulipima jibu.

3. Rangi

Mfano wetu wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kuuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Katika muda wa miaka minne hivi alianzisha namna ya uchoraji ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake na kuwalisha mamia ya watu.

Tingatinga hakuwa na turubai wala rangi za wasanii zinazouzwa katika vijibomba. Alichukua ubao mgumu wa kushindiliwa, ule unaotumika kufunikia dari za nyumba, akaupaka rangi ya mafuta ya aina inayopakwa baiskeli. Ubao huo huuzwa kwa karatasi kubwa, na fundi huukata vipande vya mraba ili asipoteze kitu. Ndiyo maana picha zake nyingi ni za mraba wa takriban sentimita 60 kwa 60. Uso wake ni laini, haunyonyi rangi kwa pupa, wala hautikisiki chini ya brashi. Rangi yenyewe ilitengenezwa ili izuie kutu: ni nzito, inafunika kabisa kilicho chini yake, inang'aa, na huchukua muda kukauka. Wala si rangi nyingi. Mtu mwenye fedha kidogo hununua makopo machache na kuyatumia yote.

Sasa tusikilize wanayosema wahakiki. Wako waliosema kwamba picha za Tingatinga hazina kivuli wala umbali, kwamba mnyama amejaa ubao mzima kama aliyebandikwa, kwamba mchoraji hakusomea. Wako wengine, wenye nia njema zaidi, waliotafuta asili yake katika michoro ya kuta za nyumba za kusini mwa Tanzania, wakaridhika kwamba wameupata ujadi. Makundi yote mawili yameuruka ubao na kopo la rangi. Rangi inayofunika kabisa juu ya uso laini hufanya vizuri mambo mawili kuliko mengine yote: eneo pana la rangi moja, na mstari safi unaolizunguka. Mchoraji hupaka usuli kwanza, akangoja ukauke, akaliweka umbo la mnyama juu yake, akangoja tena, ndipo akatia manyoya, madoa na macho. Kila tabaka hulizima lile lililotangulia. Chui wa Tingatinga amejaa ubao mzima kwa sababu katika utaratibu huu usuli si mahali anapokaa mnyama. Ni ukuta wa rangi ambao mnyama anausukuma ili aonekane. Na mng'ao ule wa baiskeli mpya humpa uhai ambao udongo wa ukuta, uliokauka na kufifia, hauwezi kumpa. Ikiwa kumbukumbu ya ukuta imo, basi imepitia dukani.

Hoja hii inapata nguvu tunapowafuata warithi wake. Baada ya kifo chake wachoraji waliofunzwa naye, na wanafunzi wa hao, waliendelea na rangi ile ile, lakini wengi wao waliuacha ubao na kuhamia kitambaa kilichowambwa juu ya fremu ya mbao. Sababu yake si falsafa. Mnunuzi alikuwa akirudi kwao kwa ndege, na kitambaa huviringishwa kikaingia mkobani. Hata hivyo mabadiliko ya kibiashara yalizaa mabadiliko ya sanaa. Usuli ulianza kuchanganywa rangi mbili au tatu zingali mbichi, hata ukafanana na anga la magharibi. Mnyama mmoja mkubwa akawapisha wanyama wengi wadogo, vijiji, masoko na hospitali. Mraba uliacha kuwa sheria. Anayesema kwamba mtindo huu 'umeharibika' au 'umeendelea' bila kutaja kuhama huku kutoka ubaoni hadi kitambaani anahakiki kivuli cha kitu.

4. Mti unapokwisha

Mfano wa tatu unatoka kwetu Kenya, nao unatukumbusha kwamba malighafi ina mwisho. Uchongaji wa biashara wa Wakamba, ambao chimbuko lake ni Wamunyu na ambao ulipata chama chake kikubwa cha ushirika huko Changamwe, Mombasa, umetegemea kwa muda mrefu mpingo na muhugu. Muhugu ni mti mgumu wenye nyuzi laini. Hupokea pembe nyembamba ya swala na kidole cha mzee bila kumeguka. Miti yote miwili hukua polepole, na mahitaji ya mamia ya mafundi yaliifanya iadimike katika misitu iliyo karibu. Ndipo katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 wachongaji wakaanza kuhimizwa kutumia miti inayopatikana kwa wingi mashambani na vijijini, hasa mwarobaini, pamoja na mwembe na mjakaranda.

Mwarobaini ni mgeni kutoka Asia aliyekwisha kuzoea pwani yetu, nasi tunaujua zaidi kwa dawa yake kuliko kwa ubao wake. Nyuzi zake ni nene kuliko za muhugu. Fundi anayejaribu kuuchonga pembe ile ile ya swala atavunja pembe nyingi kabla ya kuipata moja. Akiwa na busara, ataunda umbo nene zaidi na la mviringo zaidi, na kuiacha mistari ya mti wenyewe ifanye kazi ya mapambo. Kwa maneno mengine, uhaba wa mti unadai ujumi mpya. Hapa ndipo mhakiki angekuwa na kazi ya kweli: kumsaidia fundi, mnunuzi na mwanafunzi kuona kwamba umbo nene la mwarobaini halipaswi kupimwa kwa kipimo cha muhugu. Mhakiki asipofika, mnunuzi ndiye atakayeamua, naye atasema tu kwamba kazi ya zamani ilikuwa nzuri zaidi. Kwa hukumu hiyo moja atakuwa ameurudisha msumeno katika msitu wa muhugu.

5. Hoja mbili za upinzani

Hoja ya kwanza itatoka kwa wenzetu wanaoshikilia kwamba maudhui ndiyo kwanza, na kwamba kuzungumzia nyuzi za mti na mng'ao wa rangi ni kurudi katika usanii kwa ajili ya usanii. Tunaiheshimu hoja hiyo, kwa sababu ndiyo iliyouondoa uhakiki wetu katika zoezi la kuhesabu tashbihi na takriri. Lakini tunawaomba watazame tena. Malighafi ina bei, ina mwenyewe, ina msitu inakotoka na duka inakouzwa. Aliyeuza rangi ya baiskeli na asiyeweza kununua rangi nyingine. Aliyekuwa na leseni ya kukata mpingo na asiyekuwa nayo. Aliyepanda ndege na aliyebaki kibandani: mahusiano ya kitabaka yameandikwa katika kitu chenyewe, wazi kuliko katika mada yake. Picha ya chui haisemi lolote kuhusu tabaka. Ubao wa dari unasema. Ni ajabu kwamba uhakiki unaojiita wa kiyakinifu umekuwa wa kwanza kusahau kitu cha kuyakinika.

Hoja ya pili ni kwamba kazi hizi ni za watalii, na hivyo hazistahili kurasa za jarida la chuo. Tunakubali kwamba kazi nyingi zinazouzwa barabarani ni nakala za nakala. Riwaya nyingi zinazouzwa mjini ni hivyo hivyo, wala hatujaacha kufundisha riwaya. Tena ni kwa kuijua malighafi na ufundi ndipo tunapoweza kuitenga kazi ya msanii na nakala. Mchongaji aliyelisoma gogo huacha alama za usomaji huo: pindo la mgongo limefuata pindo la mti, ufa umegeuzwa kuwa mkunjo wa nguo. Mnakili hulilazimisha gogo lolote liwe twiga yule yule. Maudhui hayatatusaidia kuwatofautisha, maana twiga ni twiga.

6. Lugha ya mafundi

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa lugha kwa namna ya pekee. Uhakiki wa Kiswahili umejengwa kwa maneno ya mafundi. Tunasema kwamba mwandishi amemchora mhusika, kwamba hadithi ina msuko, kwamba mtindo umetiwa nakshi, kwamba mswada unahitaji kupigwa msasa. Maneno haya tumeyakopa katika karakana na ukilini, kisha tukayatumia hadi yakasahau yalikotoka. Msasa, kwa mfano, ni mti ambao majani yake makavu na yenye kukwaruza yalitumika kusugulia mbao. Jina likahamia katika karatasi ya dukani, na kutoka hapo katika mswada wa mwandishi. Aliyewahi kusugua ubao anajua kwamba msasa hauongezi kitu. Huondoa, tena kidogo kidogo, kwa kufuata upande wa nyuzi. Mhariri angejifunza mengi kutokana na sitiari hiyo kama angeikumbuka.

Ndivyo ilivyo pia kwa methali. Udongo uwahi ungali maji, tunamwambia mzazi anayechelewa kumrudi mwanawe. Kabla haijawa ya malezi, kauli hii ilikuwa ya mfinyanzi, naye alikuwa akieleza kwa usahihi muda ambao malighafi yake inakubali kutii. Fundi wa Pwani ana majina ya sehemu za mlango wa nakshi, kama mfaa na kizingiti, na ya vyombo vyake, kama juba, randa na keekee. Mwenye kujenga kwa mawe na chokaa ana boriti na zidaka zake. Kamusi hutupa baadhi ya majina hayo. Kile ambacho jina peke yake haliwezi kutupa ni vitenzi: namna fundi anavyosema mti unapokataa, rangi inapovuta, chokaa inapowahi kukauka. Hayo hupatikana kwa kukaa na fundi kazini, na mafundi wanaoyajua wanazeeka.

7. Hitimisho

Tumesema kwamba mfano wa rangi, gogo na lugha ni mzuri, ila haujaaminiwa. Kuuamini kuna matokeo katika fasihi yenyewe. Ikiwa lugha ni malighafi kwa maana ya kweli, basi nayo ina nyuzi zake. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na upatanisho wa ngeli hurudia sauti ile ile kutoka neno hadi neno. Kwa hiyo mtunzi wa Kiswahili hupewa mlingano wa sauti bila kuutafuta, na ustadi wake huonekana katika kuuongoza, kuukataa au kuuchelewesha. Mjadala mkali wa miaka ya 1970 kuhusu ushairi huru, ulioshika moto hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, uliendeshwa kana kwamba vina na mizani ni suala la utii kwa wazee au uasi dhidi yao. Ni wachache waliouliza swali la mchongaji: gogo hili limepindia wapi?

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba kozi ya utangulizi wa fasihi, pale inapozitaja sanaa za uonyesho, imtake mwanafunzi akae na fundi mmoja wa karibu naye, awe mchongaji, mfinyanzi, msusi au mchoraji wa mabango, na kuandika kwa Kiswahili hatua za kazi yake tangu malighafi inaponunuliwa hadi kazi inapouzwa, akiyahifadhi maneno ya fundi kama yalivyosemwa. Insha hizo zikikusanywa kwa miaka michache zitakuwa hazina ya istilahi ambayo hakuna kamati itakayoweza kuibuni mezani. La pili ni kwamba katika uhakiki tuache kusema fani na maudhui kana kwamba viwili hivyo vinatosha. Tuongeze swali la tatu, tena tulitangulize: kazi hii imetengenezwa kwa kitu gani, kitu hicho kilipatikanaje, na kilimkataza nini aliyeitengeneza?

Mwanafunzi atakayeweza kulijibu swali hilo kuhusu nguzo ya mpingo ataweza kulijibu kuhusu shairi.